Salamu ya Kushoto

Katika nyumba ya Bi Shifaa, mjini Pate, palikuwa na mahali ambapo Mwanamkisi alisali peke yake. Hakuna aliyemwambia asali pale, lakini kila mtu alijua ni pake. Ni ile pembe ya chumba cha ndani, baina ya kasha la nguo na ukuta, ambapo mkeka mmoja unatosha na wa pili hauna nafasi.

Mwezi wa Ramadhani wanawake wa mtaa walikuja kusali tarawehe katika ukumbi wa mbele. Walipanga safu bega kwa bega, wakisukumana na kuchekana kabla ya takbiri. Mwanamkisi aliwasikia kupitia pazia. Alimsikia Bi Barka akiyalalamikia magoti yake, akamsikia dada yake Nusra akimnyamazisha mtoto. Kisha, mwisho wa sala, alizisikia zile salamu mbili, ya kulia na ya kushoto, na nguo zikichakarika kwa shingo zote kugeuka pamoja.

Yeye aligeuka kulia tu. Salamu ya kushoto aliisema uso ukiwa mbele, akajiona kama mtu anayetoka kwenye nyumba ya watu bila kuaga.

Mara ya kwanza alianguka siku ya arubaini ya mama yake. Nyumba ilijaa watu, wakasali alasiri pamoja. Alipogeuka kulia hakuhisi kitu. Alipogeuka kushoto, bega la jirani yake lilianza kuwa jeusi pembeni, weusi ukaingia ndani polepole, na alipofumbua macho alikuwa chali, uso umelowa marashi. Watu wakasema ni huzuni. Amemuuguza mama tangu alipoachia shule darasa la sita, akamzika ana miaka kumi na tisa, nani asiyeanguka? Lakini siku ya Idi alianguka tena, na tena ilikuwa salamu ya kushoto. Hapo maneno yakabadilika.

"Huyu ana mtu," alisema Bi Barka, ambaye kazi yake ni kukanda wanawake waliojifungua na wenye kuumwa na viungo, na ambaye hakuwahi kukosa jibu. "Wa kulia amekubali kusalimiwa. Wa kushoto hataki."

"Pepo gani anayechagua upande?" aliuliza Bi Shifaa, shangazi wa Mwanamkisi na Nusra.

"Na wewe mbona wachagua upande wa kulalia? Kila mtu na upande wake."

Wanawake walicheka, na Mwanamkisi naye akacheka kidogo, kwa adabu, ila tangu siku hiyo nafasi ya kushoto kwake katika safu ilianza kubaki wazi. Kwanza mtu mmoja alisogea, kisha mwingine. Hakungoja waseme. Aliuchukua mkeka wake akaupeleka nyuma ya pazia.

Angeweza kuyavumilia hayo, maana hakuwa mtu wa kupenda makundi. Tangu utotoni watu walipokuja yeye alikwenda jikoni. Alichoshindwa kukivumilia ni habari ya Afra.

Afra ni binti wa Nusra, mtoto wa kwanza kuzaliwa katika nyumba ile baada ya msiba. Mumewe Nusra, Husni, ni fundi wa majahazi huko Matondoni, na hurudi Pate mwisho wa juma tu, kwa hiyo miezi ya mwanzo mtoto alilelewa na mikono ya Mwanamkisi kuliko ya mtu mwingine yeyote. Alimuogesha, akamsinga kwa mafuta, akamlaza kifuani akisuka ukili wa mikeka kwa vidole bila kutazama. Na mtoto hakumuuliza lolote. Hakumtaka aseme kwa sauti kubwa. Alimshika kidole, akalala.

Afra alipokuwa na miezi minne, asubuhi moja Mwanamkisi alikuwa amesimama mlangoni naye, jua halijawa kali. Muuza samaki akapita kichochoroni, akamwita kutoka upande wa kushoto: "Kisi! Leo kuna tafi!" Akageuka.

Alipozindukana, mtoto alikuwa juu ya lundo la miyaa, majani ya kusukia ukili, aliyoianika jana yake, mzima, anapepesa macho. Hata hakulia. Mwanamkisi ndiye aliyelia.

Nusra hakumgombeza. Alimuinua mtoto, akamkagua kichwa, akamkagua mikono, kisha akasema, "Sikukatazi kumbeba, Kisi. Ila mbebe ukiwa umekaa." Baada ya siku chache akasema, "Mbebe nikiwepo." Baada ya hapo hakusema tena kitu, wala Mwanamkisi hakuomba. Kila Nusra alipotaka kwenda kisimani au shambani alimpa mtoto Bi Shifaa, na kama Bi Shifaa hayupo alimfunga mgongoni akaenda naye. Afra akajifunza kutambaa akiwa mbali na Mwanamkisi, akajifunza kusimama. Akajua kusema mama, na bibi, na hata paka alimpa jina. Mwanamkisi hakuwa na jina kwake. Alikuwa mtu wa nyuma ya pazia.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyelijua lote.

Juma moja kabla ya kufa, mama yao aliamka ana nguvu. Alikuwa hajaingia jikoni kwa muda mrefu, miguu imevimba, pumzi fupi, lakini siku ile alisema anataka kuwapikia wanawe. Akakaa juu ya mbuzi akakuna nazi mwenyewe, akapaka tafi kwa tui na ndimu, akawachoma taratibu. Wakala wote watatu katika sinia moja. Katikati ya kula Mwanamkisi alihisi kitu kikimchoma kooni, upande wa kushoto, nyuma kabisa. Tafi ana miiba, kila mtu anajua. Lakini mama alikuwa anamtazama, anataka kuona kama amefurahi, na Mwanamkisi hakutaka kuiharibu siku ile kwa kukohoa. Akameza, akasema, "Tamu, mama."

Mama akafa. Mwiba ukabaki.

Aliuhisi kila alipomeza mate. Wakati mwingine maumivu yalipanda hadi sikioni. Bi Shifaa alipogundua alimpa matonge ya wali ayameze bila kutafuna, akampa ndizi mbivu, akampeleka kwa mzee mmoja anayesomea maji. Mwanamkisi aliyameza yote, lakini moyoni hakuwa akiomba utoke. Ulikuwa kitu cha mwisho kutoka mkono wa mama yake. Wengine wamebakiwa na kanga, au pete. Yeye alikuwa na mwiba, na alipokuwa peke yake katika ile pembe, alimeza mate polepole ili uchome, apate kujua kuwa bado upo.

Ramadhani ile, Husni alileta habari kwamba amepata nyumba Matondoni. Watahamia huko yeye, Nusra na mtoto, Maulidi yakishapita.

Nusra alimfuata Mwanamkisi jikoni, ambako alikuwa akichambua mchele.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Ni jambo zuri. Mume na mke wakae pamoja."

"Ningetaka twende wote. Wewe unilelee Afra kama zamani." Nusra alichukua chuya moja kwenye sinia, akaitupa. "Lakini siwezi kumwacha nawe na mimi niko nje, Kisi. Siwezi. Kila nikifumba macho naona ule mlango."

"Najua."

"Basi mkubalie Bi Barka akutazame. Mbona hutaki kupona? Kila kitu wakubali, ila ukiambiwa habari ya koo lako wageuka jiwe."

Mwanamkisi aliendelea kuchambua. Angemwambia nini? Kwamba akipona atampata mtoto na kumpoteza mama? Mwishowe alisema, "Mwambie aye," kwa sauti ndogo hata Nusra ikabidi amuombe arudie.

Bi Barka alikuja kesho yake baada ya alasiri, na chupa ya mafuta ya nazi na chetezo cha ubani. Alimkalisha chini, akamshika kidevu kama anayechagua papai.

"Fungua kanwa. Wapi wachoma?"

Mwanamkisi akaonyesha.

"Na sikio laumwa? Eeh. Basi nimejua. Mwiba umetembea. Umetoka kooni wapanda juu, wataka kutokea sikioni."

"Miaka miwili watembea?" Bi Shifaa aliuliza. "Tafi gani huyo asiyeoza?"

"Tafi mwenye pepo."

"Juzi ulisema pepo, leo mwiba, sasa ni tafi mwenye pepo. Kesho utasema ni muuza samaki."

"Bi Shifaa, niwate nifanye kazi yangu!"

Akatia mafuta mikononi, akaanza kukanda chini ya sikio la kushoto, nyuma ya taya. Mikono yake ilikuwa na nguvu na joto, na mwanzoni ilikuwa raha, maana ni muda mrefu hakuna mtu aliyemgusa Mwanamkisi. Alifumba macho. Kisha kidole gumba kikaingia ndani zaidi, kikakuta kitu kigumu, kikasukuma.

Safari hii hakuzindukana upesi. Na alipozindukana, wanawake watatu walikuwa wamemwinamia na hakuna aliyekuwa akicheka. Alitaka kusema yuko mzima, lakini maneno yalitoka yamevunjika. Alitaka kujifuta mafuta shingoni, mkono wa kulia haukuinuka. Aliutazama pale mkekani, umelala kama wa mtu mwingine. Bi Barka alikuwa akilia, machozi yanaingia kinywani, anarudia, "Mimi sikumkaba, Wallahi sikumkaba, nilimgusa tu."

Kabla ya magharibi mkono ukarudi. Ulirudi kwa kuwasha, kidole kimoja kimoja. Lakini Bi Shifaa alikuwa ameshavaa buibui. "Kesho alfajiri maji yakijaa tunashuka bandarini Mtangawanda," alisema. "Twenda Amu, hospitali. Pepo akitaka aye, naye atatafutiwa nafasi botini."

Daktari waliyempata hospitali ya Lamu aliitwa Bochaberi, mwanamke mfupi mwenye miwani, mtu wa bara aliyekaa visiwani kiasi cha kujua kusema "Bi" mahali pake. Hakumuuliza Mwanamkisi maswali yote kwa mkupuo. Aliuliza moja, akangoja, na jibu lilipochelewa aliendelea kungoja. Alivaa glavu, akatia kidole kinywani, nyuma upande wa kushoto, akabonyeza kidogo. Mwanamkisi akaruka.

"Ni hapo?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Na ukianguka, huwa umegeuka upande gani?"

Mwanamkisi alimtazama Bi Shifaa, kisha akatazama chini. "Kushoto. Kwenye salamu."

"Salamu ipi?"

"Ya sala."

Mwanamkisi alidhani atacheka. Badala yake aliandika karatasi ya picha, na picha ilipotoka akawatuma Mombasa kupigwa nyingine iliyo wazi zaidi. Ikapita Idi, ikapita siku nyingine nyingi, ndipo wakarudi chumbani kwake, na yeye akaibandika ile picha kwenye kioo chenye taa.

Mwanamkisi hakuwahi kukiona kichwa chake hivyo. Meno, taya, mashimo ya macho. Aliona aibu, kana kwamba amevuliwa nguo mbele za watu.

"Tazama hapa, chini ya sikio," daktari alisema. "Fuvu la kila mtu lina kijifupa kinachoning'inia hapa, chembamba, kama msumari. Mimi ninacho, Bi Shifaa anacho. Kwa watu wengi ni kifupi, hakimsumbui mtu, mtu anakufa bila kujua kwamba alikuwa nacho. Lakini vichwa havikuumbwa sawasawa. Kuna ambaye chake ni kirefu. Kuna ambaye kimepinda kuingia ndani. Cha kwako upande wa kulia ni cha kawaida. Cha kushoto ni hiki."

Alikifuata kwa ncha ya kalamu. Kilishuka kutoka fuvuni kama mzizi, kirefu, kimeinamia koo.

"Na pembeni yake hapa unapita mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani." Daktari alivua kipimo chake cha kusikilizia moyo, akaunyoosha mpira wake juu ya meza. "Mshipa ni huu. Mfupa ni hii kalamu. Ukitazama mbele, vinakaa jirani, hakuna ugomvi. Ukigeuka kushoto," akaisukuma kalamu, mpira ukabonyea, "damu inapungua, unaona giza, unaanguka. Ukianguka shingo inarudi mahali pake, damu inapita, unaamka. Na yule mama alipokukanda, alikuwa anausukuma mfupa juu ya mshipa kwa nguvu zake zote. Ndiyo maana mkono ukalegea. Mwambieni asirudie. Tena asimfanyie mtu yeyote hapo."

Bi Shifaa alivuta pumzi. "Kwa hiyo si pepo."

"Mimi hapa naona mfupa, Bi."

"Na mwiba?" Mwanamkisi aliuliza. Lilikuwa swali lake la kwanza tangu waanze kuonana.

"Mwiba gani?"

"Wa tafi. Ulinichoma siku ile mama..."

Daktari alikaa chini, wakawa sawa macho kwa macho. "Labda siku ile ulichomwa na mwiba kweli, ukashuka zako tumboni. Lakini unaouhisi siku zote hizi si wa samaki. Ni mfupa wako mwenyewe, umekua nao."

Nje punda alilia, mwingine akamjibu. Mwanamkisi alitazama ile picha. Watu walikuwa wamemkimbia kwa sababu ya mtu aliye naye, na yeye, ingawa alimuogopa, usiku mwingine katika ile pembe alishawahi kufikiri kwamba angalau hayuko peke yake. Sasa hata pepo hayuko. Na mwiba wa mama, alioulinda kwa kila funda la mate, haukuwa wa mama. Alikuwa ameuguza kitu chake mwenyewe miaka yote hiyo.

Machozi yalimtoka bila sauti. Daktari alidhani ni woga wa kisu.

"Unaweza kuukata?" Bi Shifaa aliuliza.

"Mombasa yupo mtaalamu anayeweza. Ila sitawaficha, ni mahali pa hatari, karibu na mshipa wenyewe. Mwanamkisi anaweza pia kuishi hivi hivi, asigeuze shingo, ageuze mwili mzima. Wapo wanaoishi hivyo hadi uzeeni. Tena wakati mwingine jambo hili hupatikana kwa zaidi ya mtu mmoja katika familia. Hakuna ndugu mwenye shida kama hii?"

"Hakuna," alisema Bi Shifaa.

Lakini Mwanamkisi alikuwa ameinua kichwa. Alikuwa anamuona mama yake uani, anaitwa kutoka nyuma, na jinsi alivyogeuka: miguu kwanza, kisha mabega, mwili wote pamoja, kama mtu aliyejitwisha mtungi uliojaa. Walikuwa wakimcheka wakiwa watoto. Nusra alikuwa akimuiga. Na katika sala, baada ya salamu ya kulia, mama aligeuza macho tu upande wa kushoto. Uso ulibaki mbele. Mwanamkisi aliketi kando yake miaka mingi, kushoto kwake, na kila siku aliyaona yale macho yakimjia peke yake. Akidhani ndivyo mama anavyosali.

"Mama," alisema.

Bi Shifaa alimtazama. Baadaye, polepole, akasema, "Kweli. Shingo ya marehemu. Sisi tukisema ana maringo."

"Siwezi kujua bila picha yake," daktari alisema.

"Mimi najua," alisema Mwanamkisi, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza.

Alitaka kurudi Pate siku ile ile, auhifadhi mfupa ule maisha yake yote. Alirudi nao kweli, akakaa nao siku kadhaa, akijifunza kugeuka kama mama: miguu, mabega, mwili. Alifanya vizuri. Hakuanguka hata mara moja. Angeweza kuzeeka hivyo. Lakini asubuhi moja Afra alijikwaa uani, akaanguka kifudifudi, kushoto kwake, hatua chache tu, akalia. Mwanamkisi aligeuza miguu, akageuza mabega, na kabla hajamaliza kugeuka Nusra alikuwa ameshatoka jikoni mbio amemuinua. Mtoto hakujua hata kwamba kuna mtu mwingine aliyekuwa karibu.

Jioni alimwambia Bi Shifaa, "Nataka ukatwe."

"Una hakika, mwanangu?"

"Mama hakuwa na wa kumwambia. Mimi nimeambiwa."

Husni aliomba ruhusa kazini akawapeleka Mombasa. Siku ya kuingia chumba cha kupasulia, nesi alimuuliza Mwanamkisi kama ana ombi lolote. Alikuwa amelifikiria njia nzima. Alisema kwamba kinachotoka mwilini mwa mtu kwao hakitupwi, huzikwa, na aliomba apewe. Nesi alikwenda kuuliza, akarudi, akasema sawa. Ndiyo maana alipoamka, na koo linawaka na bandeji imefunika nusu ya shingo, palikuwa na kichupa kando ya kitanda, na ndani, juu ya pamba, kipande cha mfupa mweupe, chembamba, chenye ncha.

Ulikuwa unafanana na mwiba wa samaki kiasi kwamba alitabasamu, na kutabasamu kukamuuma.

Pate walimpokea kwa maneno mengi. Bi Barka alikiinua kichupa akakipeleka mwangani. Alikuwa bado hajaweza kumtazama Mwanamkisi machoni sawasawa.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye," alisema Bi Shifaa. "Msalimie."

"Hata tafi angeona haya kwa mwiba kama huu." Akakirudisha, akamgusa Mwanamkisi bega kidogo, haraka, akaondoa mkono. "Nisamehe, mwanangu."

"Hukujua, Bi Barka."

"Sikujua. Na maneno nikayasema kama ajuaye."

Siku ya pili walikwenda makaburini, yeye na Nusra, wakati umande haujakauka. Kaburi la mama liko upande wa mashamba ya tumbaku, lina jiwe tu. Mwanamkisi alifukua kwa kijiko cha jikoni upande wa kichwani, kushoto, akautia mfupa, akafukia, akabonyeza udongo kwa kiganja. Hakumweleza Nusra jinsi alivyoulinda mwiba wa mama. Alimeza mate. Koo lilikuwa bado na kidonda, lakini ile ncha haikuwepo, na mahali pake palikuwa patupu kama jino lililong'oka, ulimi ukipatafuta.

"Sasa umepona," Nusra alisema. Alikuwa amembeba Afra kiunoni. Alimtazama dada yake, kisha akamnyooshea mtoto. "Haya. Mchukue."

Mwanamkisi alipangusa mikono kwenye kanga, akampokea. Alikuwa mzito. Mikono yake ilimkumbuka mtoto wa miezi minne, na huyu alikuwa na magoti, alikuwa na mgongo wenye nguvu. Afra alimkazia macho, akaitazama bandeji, akaangalia nyuma kumtafuta mama yake, na mdomo ukaanza kutetemeka. Kisha akapiga ukelele. Akajinyoosha, akamsukuma Mwanamkisi kifuani kwa mikono yote miwili, kama unavyomsukuma mgeni.

"Afra! Ni mama mdogo huyu!" Nusra alisema. "Mbona hivi? Ngoja, Kisi, atazoea..."

"Mchukue," alisema Mwanamkisi. "Asilie makaburini."

Walirudi mjini wakifuatana katika njia nyembamba, Nusra mbele. Juu ya bega la mama yake Afra aliendelea kumtazama huyu mtu, machozi yakikauka.

Maulidi yalipita. Nyumbani kwa Bi Shifaa vyombo vya Nusra vilianza kufungwa, sufuria ndani ya sufuria. Botini wangekuwa na nafasi ya Mwanamkisi pia, Nusra alisema hivyo, na Mwanamkisi akasema atafikiri. Hakujua angekwendaje kulea mtoto ambaye hamtaki.

Magharibi moja wanawake wawili watatu walikuwa ukumbini. Bi Barka alimwita, "Ndoo usali nasi, nafasi tele!" Lakini mkeka wake ulikuwa umeshatandikwa katika ile pembe, na miguu yake imeizoea. Akasali hapo, pazia limefunguliwa kidogo kwa sababu ya joto. Akafika mwisho. Akageuka kulia, akatoa salamu. Akarudi mbele.

Kisha, taratibu, akiogopa bado, aligeuza shingo kushoto. Ilivuta pale penye kovu. Ikaenda. Weusi haukuja. Ilifika hadi begani, hadi mahali ambapo macho yake hayakuwa yamefika kwa muda mrefu, na aliona ukuta, na ufa wa ukuta, na pazia, na katika upenyo wa pazia, Afra.

Alikuwa amesimama, kidole kinywani, tumbo mbele. Walitazamana.

"Asalaam alaykum," alisema Mwanamkisi.

Mtoto alishtuka, akageuka akakimbia. Nyayo zake ndogo zilisikika ukumbini, tap tap tap, kisha zikasimama. Mahali fulani nyuma ya mlango, zilisimama.

Mwanamkisi hakumwita. Hakujua aite vipi, wala hakutaka kumtisha kwa sauti. Alikaa juu ya mkeka wake, mikono juu ya mapaja, uso umeelekea kwenye upenyo wa pazia, akisubiri, mpaka shingo ikaanza kuchoka, kama inavyochoka shingo ya mtu yeyote.